Siku Nilipokimbiza Kartiye Nzima Mpaka Ziwani

Mukitaka kucheka, muchekee kwanza ndani, maana haya mambo ninayowasimulia hayajaniisha mpaka leo, na kuna wazee wenzangu wa Goma ambao wakikutana nami sokoni hawaanzi na salamu ya jambo, wanaangalia kwanza juu upande wa mulima wetu wa moto, halafu ndio wananipa mukono. Wengine husema nilitaka kuwaua. Wengine husema nilikuwa mutoto tu. Mimi nasema niliogopa, na woga ule ukazaa woga mwingine, na huo nao ukazaa, mpaka kartiye nzima, mutaa wetu wote, ikasimama ndani ya maji ya ziwa pale Kituku, siku ya Mungu, Jumapili asubuhi, na vikwembe vya ibada mwilini.

Ilikuwa wakati wa Wabelji, katikati ya miaka ya hamsini, Goma bado muji mudogo ambao ungeweza kuuzunguka kwa miguu kabla maharagi hayajaiva. Mimi Leya nilikuwa na miaka kumi na tano, na woga wangu ulijulikana (mama alisema hata kuku akinikazia macho ninamupisha njia). Kwetu tulisema Kinyarwanda ndani ya nyumba na Kiswahili mulangoni. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa upande wa Rutshuru, alirudi mara moja moja, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mama na sisi watoto, na nyanya yetu, mama yake baba, ambaye tulimwita Nyogokuru, alikaa peke yake katika kanyumba kalikotazamana na kanisa, maana muguu wake mumoja ulikuwa umekauka na hakutaka umbali umuzuie kusali.

Kanisa letu la mabanzi ya mbao, lililojengwa juu ya mawe meusi ya mulima, lilikuwa la wazee. Wazee walisoma, wazee waliomba, wazee walichagua nyimbo, hata kufagia walifagia wazee, na sisi vijana tulikaa nyuma kama mizigo inayongoja kamiyo ya kuibeba. Wavulana walikuwa wameanza kupotea mumoja mumoja, huyu kwenye mupira, yule kwenye nyumba zilizokuwa na fono ya muziki wa dansi. Ndipo alikuja mwinjilisti mupya, Yosefu, mutu wa milima ya Masisi, akawaambia wazee kwamba mutoto asiyepewa kazi kwao ataenda kutafuta kazi kwa jirani, na akaomba siku moja ya Mungu iwe ya vijana: wao wasome, wao waombe, wao waimbishe, wazee wakae nyuma wasikilize.

Muzee Zakaria, mukubwa wa wazee wote, hakutaka. Alisema kanisa si mahali pa kujaribia, na kwamba mutu ambaye bado anatumwa maji ziwani hawezi kusimama mbele ya watu waliozika wazazi wao, na mabinti ndio usiseme. Walibishana majuma mengi. Mwishoni muzee alikubali jaribio moja tu, na akatuambia wazi, sisi wote tumesimama mbele yake, kwamba kama jambo moja litaharibika siku hiyo, tutarudi nyuma na kukaa huko mpaka tuote mvi.

Kazi zikagawanywa. Samweli atasoma, Elizabeti ataomba, wengine wataimba katika korali. Mimi nilisikia kila kazi ina kusema mbele ya watu, kwa hiyo mwinjilisti alipofika kwangu nilinyoosha mukono haraka nikaomba kupiga chuma, kazi ambayo mutu anaifanya nje, peke yake, kinywa kimefungwa. Mwinjilisti alifurahi. Mimi nilifurahi kumupita.

Kengele hatukuwa nayo, ndugu zangu. Tulikuwa na chuma cha gurudumu la kamiyo, kimefungwa kwa munyororo kwenye muti wa kalitusi mbele ya kanisa, unakipiga na kipande cha nondo. Desturi yake kila mutu aliijua: unapiga pole, vipigo vichache, unaacha, watu wanavaa, unapiga tena vichache, unaacha, watu wanakuja. Na kulikuwa na desturi ya pili. Nilipokuwa mudogo moto wa mulima ulishuka upande wa Sake mpaka ukaingia ziwani, na jamaa nyingi zilizoukimbia zilikuja kujenga kwetu, na tangu hapo shefu wa kartiye aliamuru kwamba mutu akiona moto unakuja apige chuma kile bila kupumua, na watu wote waache vitu washuke Kituku kwenye mitumbwi. (Ninyi munaona tayari ninakokwenda. Mimi siku ile sikuona.)

Alfajiri ya siku yenyewe ardhi ilitetemeka kidogo, sahani zikalia, jambo la kawaida kwetu, unashika kikombe chako unaendelea kunywa. Lakini majuma yale mulima ulikuwa unawaka kila jioni, mawingu juu yake mekundu kama kaa la moto, na watu walikuwa wanalala na masikio wazi. Nilitoka nyumbani nimepakwa mafuta, nimefunga kitambaa, na kulikuwa na ukungu muzito, huoni nyumba ya pili. Muzee Zakaria alinipa nondo mukononi, akaenda kwake kuvaa. Vijana wenzangu walikuwa kwa mwinjilisti, ng'ambo ya barabara, wanamalizia wimbo, ili waje wote pamoja. Nikabaki mimi na chuma.

Nikapiga vichache kama nilivyofundishwa. Kilitoa sauti ya sufuria. Mikono yangu haikuwa na nguvu, na ukungu ulikunywa hata ile kidogo. Nikangoja. Hakuna mutu. Nikapiga tena, nikangoja tena, na njia ikabaki tupu, na hapo moyo ukaanza kunisumbua: akilini nilimuona muzee Zakaria anaingia kanisani, anakuta mabenchi matupu, anageuka na kusema si niliwaambia, na Samweli na kitabu chake mukononi, na Elizabeti aliyekuwa amejifunza ombi lake juma zima mpaka mbuzi wao walilijua, wote wanarudishwa nyuma kwa sababu ya mikono yangu. Nikasema moyoni: nitaongeza kidogo tu. Nikashika nondo kwa mikono miwili, nikapiga kwa nguvu, na sauti ikatoka kweli safari hii, ikatembea, nikaona raha, nikaongeza, nikaongeza, sikuacha.

Milango ikafunguka. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisikia miguu mingi katika ukungu, watu wanakuja mbio, nikasema leo wataona vijana ni nini. Wa kwanza kutokea alikuwa mama mumoja mwenye matela ya kulalia juu ya kichwa. Nilishangaa kidogo mutu kuja ibadani na matela. Nyuma yake mwanamume anavuta mbuzi, halafu watoto wanalia, halafu watu wengi sana, na wote walipita mbele ya kanisa bila hata kugeuza shingo, wakashuka njia ya ziwa. Jirani yetu, mushona viatu, alisimama karibu nami akiwa na kiatu kimoja, jasho linamutoka, na mimi nikapunguza mukono ili nimuulize kuna nini.

"Usiache, mutoto," akaniambia. "Piga. Watu wa juu, wa njia ya Kibati, nao wasikie."

Nikamuuliza wasikie nini.

"Mulima umepasuka," akasema, na ukungu ukamumeza.

Sasa munisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu hawaniamini. Nilimuamini. Mutu muzima, baba wa watoto, anakimbia na kiatu kimoja, ni wazi ameona kitu ambacho mimi sikukiona. Haikunipitia hata kidogo akilini kwamba kitu alichokisikia ni mimi. Nilitaka kukimbia, lakini nikafikiri juu ya watu wa juu ambao bado wamelala, na nikasema kama sitapiga damu yao iko juu yangu, kwa hiyo nikapiga kama mwenye wazimu, nalia, napiga, nataja jina la Yesu katikati ya mapigo. Jua lilikuwa linapanda nyuma ya ukungu na ukungu ukawa mwekundu. Nikaona: moto. Halafu harufu ikanifikia, harufu ya kitu kinachoungua, kutoka kila upande (yalikuwa maharagi, wapendwa, maharagi ya kartiye nzima yaliyoachwa kwenye mafiga, lakini nani angenieleza), na hapo mikono ilikataa. Nondo ilianguka. Nikashuka ziwani nikipiga kelele kuliko wote, miguu mitupu juu ya mawe makali, na sikusikia jiwe hata moja.

Kituku ilikuwa imejaa. Kulikuwa na sisi Waprotestanti, kulikuwa na Wakatoliki waliotoka misani na rozari mukononi, wafanya biashara na vitambaa vyao, polisi mumoja aliyevua viatu akavining'iniza shingoni. Wavuvi walikuwa wanapokea watoto kwanza, lakini wakubwa nao walipanda, na mutumbwi mumoja ukalemewa pale pale karibu na ukingo, ukapinduka, watu wakaanguka katika maji ya kiuno, wakapiga mayowe kama ni kilindi, na muzee mumoja akatoka na kuku wake mikononi, kuku amekwisha kufa. Mama alikuwa majini mpaka magotini, mutoto mugongoni, wadogo wangu wamemushika kikwembe. Aliponiona aliangalia nyuma yangu. Akaangalia tena.

"Nyogokuru yuko wapi?" akaniuliza.

Nikageuka nami nikaangalia nyuma yangu. Mama akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tena, kwamba alimuacha kwa sababu mimi nilikuwa pale, mulango wake na kanisa vinatazamana, alijua nitamubeba. Na mimi nilikuwa nimepita mulango ule mbio bila kuukumbuka. Mama alianza kufungua mutoto mugongoni ili anipe, aende yeye. Nilipoona fundo la nguo linafunguka, niligeuka, nikapanda.

Sijui nani alininyanyua miguu siku ile, maana si mimi. Watu wote walikuwa wanashuka na mimi ninapanda, halafu hakukuwa na watu tena, hakukuwa na sauti, milango wazi, kiti kimepinduka, mbwa mumoja anakula uji wa mutu. Ukungu mwekundu mbele yangu na harufu ya kuungua ikizidi. Nilikuwa nasikia mulima unakuja. Kweli, nilisikia sauti yake, bum, bum, na ilikuwa damu yangu katika masikio. Kila kona niliyopita nilijua nyuma ya ile inayofuata nitauona moto umelala njiani kama nyoka. Nilisema sala ya kufa. Nikafika kwa Nyogokuru: mulango wazi, kitanda kimetandikwa, fimbo yake haiko. Nikatoka nje kumutafuta.

Ndipo nilisikia mutu anaimba.

Ilikuwa kanisani, sauti moja tu, ya uzee, inaimba wimbo wa kufungua ibada na kuungoja mustari wa pili kama vile kuna watu wa kuujibu. Nyogokuru alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, katika kikwembe chake cha siku kubwa, fimbo kati ya magoti. Aliponiona alikasirika. Aliniuliza watu wa nyumba hii ya Mungu wamekuwaje, chuma kinalia namna ile, kinawaita kwa nguvu namna ile, yeye mwenye muguu mumoja amefika, na wao wenye miwili hawaonekani. Nikamushika mukono, nikamwambia tukimbie, mulima umepasuka.

"Nani ameuona?"

Nikasema watu wote, wako ziwani, mushona viatu ameniambia.

"Na yeye nani alimwambia?"

Nikasema walisikia chuma, chuma kimepigwa bila kupumua.

"Kilipigwa na nani?"

Niliangalia mikono yangu, malengelenge yamepasuka yote. Nyogokuru akasogea kidogo kwenye benchi ili nikae, maana aliona naanguka. Nilipopata nguvu nilitoka mulangoni, ukungu ulikuwa umeanza kuachana na nyumba, na mulima ulikuwa pale ulipokuwa jana, na moshi wake mudogo juu kama mutu anayevuta kiko, hana habari na sisi.

Mutasema hapo woga uliisha. Hapo ndipo ulianza. Moto wa mulima nilikuwa nauogopa pamoja na wengine. Huu mwingine ulikuwa wangu peke yangu. Nilifikiri juu ya shefu, juu ya ajenti, yule Muzungu wa serikali, na gereza lake, juu ya ule mutumbwi, kama kuna mutoto chini yake ambaye hakuonekana. Nilifikiri kujificha kwa Nyogokuru chini ya kitanda. Lakini mama alikuwa bado ndani ya maji anatungoja, na mutu hawezi kumuacha mama yake ndani ya maji. Nikashuka tena, pole, kama anayeenda kuchinjwa.

Na sasa musikie jinsi mambo yanavyoweza kumunyonga mutu. Nilipotokea tu ukingoni, mwinjilisti Yosefu, aliyekuwa katikati ya watu anaomba, aliniona, akanyoosha mukono, akasema huyu ndiye binti, huyu ndiye aliyebaki peke yake anapiga wakati sisi wote tunakimbia. Watu wakageuka. Mama mumoja alipiga magoti mbele yangu kwenye changarawe na kunishika miguu. Walinibeba, walinipitisha mbele. Na nani anakuja kunipokea, suruali yake ya ibada imelowa mpaka mukanda: muzee Zakaria. Aliweka mukono wake juu ya kichwa changu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikosea juu ya vijana hawa," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mungu ameniaibisha kwa mukono wa mutoto."

Niliona Samweli na Elizabeti nyuma yake, nyuso zinang'aa. Nilijua nikinyamaza sasa, mulima utabaki kimya, watu watasema ni maombi yaliuzuia, sisi vijana tutapewa kanisa mpaka mwisho wa dunia, na mimi nitakuwa mutakatifu wa Goma. Nilijua vilevile kwamba Nyogokuru yuko juu, na Nyogokuru hajui kunyamaza. Sijui ni lipi lilinisukuma zaidi. Sijui mpaka leo. Nilisema chini ya mukono wa muzee kwamba hakuna moto. Hakusikia. Nikasema tena, kwa sauti, mimi ambaye niliomba chuma ili nisiseme mbele ya watu, nikawaambia watu wengi kuliko wote ambao kanisa letu limewahi kuwa nao kwamba mulima haujapasuka, kwamba nilikuwa ninaita ibada, hamukuja, nikaongeza.

Mukono wa muzee ulitoka juu ya kichwa changu pole pole.

Mutu mumoja nyuma aliuliza kwa upole kwamba, sasa, maharagi yake? Na hapo kila mutu akakumbuka ya kwake, wakaanza kusema wote pamoja, mwenye kuku aliyekufa akamuinua juu ili nimuone, wengine walicheka mpaka wakakaa chini, wengine walitaka kunipiga, na mama alipita katikati yao na maji yakimutiririka, akanishika sikio (afadhali yeye), akasimama kati yangu na wao. Watoto wote walihesabiwa, wote walikuwepo. Shefu alifika na baisikeli yake. Alinisikiliza, akauma midomo, sijui kwa hasira au kwa kicheko, akaamuru nipite kila nyumba kuomba musamaha, na akasema mambo ya ajenti atayaangalia yeye mwenyewe.

Ibada ilifanyika muchana, watu wamelowa, wananuka moshi. Wazee walikaa mbele na sisi tukarudi nyuma, hakuna aliyetuambia, tulijua wenyewe. Elizabeti hakunisemesha. Ombi lake lilibaki tumboni mwake, na hilo liliniuma kuliko sikio.

Juma lile kila gari lililopita nilijua ni la ajenti, nikaingia chini ya kitanda. Nilipita nyumba kwa nyumba na Nyogokuru amenisindikiza, anachechemea, anagonga milango kwa fimbo. Watu wengine walinipa kiti, mumoja alinimwagia maji ya vyombo. Siku ya posho, Jumamosi muchana, alikuja muzee Zakaria. Mama alipomuona njiani alifuta benchi na kutoa watoto nje, na mimi nikajua amekuja kunitoa katika kanisa, nikasimama nyuma ya mulango nikiuma kitambaa. Alikaa. Alikunywa maji. Alisema kwamba wazee walikuwa wamekutana, na wengi hawataki tena neno la vijana, na yeye hapendi walivyolisema, maana siku ile alikimbia akapita mulango wa mujane mwenye muguu mumoja, na wazee wote walipita, na aliyerudi ni binti huyu tu. Kisha akaweka nondo juu ya meza.

"Kesho Samweli asome na Elizabeti aombe," akasema. "Na huyu apige chuma. Akiacha sasa, hataingia tena."

Nilikataa. Nililia, nilisema nitafagia, nitachota maji, chochote. Asubuhi mama alinivalisha kwa nguvu.

Nilisimama chini ya muti ule na nondo mukononi. Nikapiga vichache, pole. Nikaacha. Milango yote ya kartiye ilifunguka kidogo, vichwa vikatoka, macho yakaenda juu kwenye mulima, yakarudi kwangu, milango ikafungwa. Nikapiga vichache tena. Nikaacha. Hakuna mutu njiani. Muzee Zakaria alikuwa mulangoni mwa kanisa ananiangalia, na nyuma yake mabenchi matupu, na mikono yangu ilikuwa inaniwasha, ndugu zangu, iliniwasha kuongeza kimoja tu. Nikaweka nondo chini, nikaikalia.

Walikuja. Walichelewa, lakini walikuja. Na mimi tangu siku ile nimefanya kazi nyingi katika kanisa, nimefundisha vijana wengi kusoma na kuomba na kusimama mbele ya watu, na jambo moja niliapa na sijalivunja: watu wakichelewa ibada, ninawaacha wachelewe.